Tamthilia kwenda filamu

Dada wa Iringa uliyeuliza kama tamthilia yako ya kurasa 90 irekodiwe ilivyo: hapana. Jukwaani maneno hubeba mzigo wote kwa sababu aliyekaa nyuma haoni uso. Kamera inauona.

Mtazame Lorraine Hansberry, mwandishi wa Marekani: tamthilia yake A Raisin in the Sun ilipanda Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho New York, 1959, skripti ya filamu ya 1961 akaandika mwenyewe. Aliongeza matukio ya nje, mitaani Chicago. Studio ikayakata mengi, filamu ikabaki karibu yote ndani ya nyumba. Hasara kubwa ile!

Kwa hiyo mama wa tamthilia yako anayesema "nimeuza shamba", mfutie sentensi. Mwonyeshe akifunga noti kwenye pindo la kanga, kimya. Na Januari msirekodi chini ya bati, mvua itameza sauti.