Ukikaimishwa, Amua

Tangazo la nafasi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma lilitoka nikiwa nimeshakalia kiti hicho miezi mitano kwa kukaimu. Nilijua ni changu. Mama mkwe wangu kule Kibosho alishaweka nia ya misa ya shukrani. Sikukipata. Mwaka huu wamenipigia wahadhiri watatu wa huku Moshi na Arusha, wote wanakaimu, wote wana swali lilelile: nifanye nini ili nithibitishwe? Ndiyo maana naandika.

Nilikalia kiti kile kama mtu aliyeachiwa nyumba ya wenyewe. Jambo zito likija nasema lisubiri atakayethibitishwa. Kulikuwa na mhadhiri ambaye hakuwa amewasilisha matokeo ya semesta nzima, na wanafunzi wake wa mwaka wa tatu walikuwa hatarini kukosa mahafali. Nikamwandikia barua ya kumkumbusha. Nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Kanuni zilinipa nafasi ya kuunda jopo lisahihishe mitihani ile, lakini sikuliunda, kwa kuogopa kujitengenezea maadui kabla ya usaili.

Siku ya usaili, mjumbe mmoja mzee aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza taratibu: "Dokta, katika miezi hii mitano, ni uamuzi gani uliufanya mpaka mtu akakununia?" Sikuwa na jibu. Wale wanafunzi hawakuvaa joho mwaka ule, na hilo linaniuma kuliko cheo nilichokosa.

Kwa hiyo ukipewa barua ya kukaimu, isome uone mamlaka yako yanafika wapi, kisha ndani ya mipaka hiyo amua. Uwe na daftari: tarehe, jambo lenyewe, uliyemwomba ushauri, ulichoamua na kwa nini. Usiandike kwa ajili ya usaili tu. Ukirudi kulisoma baada ya miezi mitatu utajiona ulivyo kazini.

Jambo la pili ni fedha, na hapa wanataaluma wengi tunajificha nyuma ya mhasibu. Nilipoulizwa fedha za Bodi ya Mikopo ya wanafunzi zikichelewa nini kinakwama kwanza, nilitoa maneno ya jumla. Baadaye nilimwomba mhasibu wetu anipe saa moja kila Ijumaa mchana. Ndipo nikaona mnyororo wenyewe: ada haijaingia, walimu wa muda hawajalipwa, mafunzo kwa vitendo yanasogezwa, na mwisho mwanafunzi anachelewa kumaliza.

Soma pia mapema Hati Idhini ya chuo chako, yaani hati inayoeleza chuo kinavyoendeshwa. Taratibu hazifanani. Kwenye vyuo vya umma, kama Ushirika Moshi au Nelson Mandela pale Tengeru, Makamu Mkuu wa Chuo huteuliwa na Rais. Makumira ni ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), Mwenge ni ya maaskofu Katoliki, na mwenye chuo ana anachokitazama. Jua Baraza la chuo linafanya nini, na Seneti, chombo cha masuala ya taaluma, inafanya nini.

Ndugu watakuambia utafute mtu Dodoma. Usitafute. Ukiingia kwa mkono wa mtu, siku ya kumwajibisha ndugu yake utashindwa.

Na wadhamini wako, wale wanaokuandikia barua ya kukupendekeza, wawe watu waliokuona ukifanya kazi. Mimi niliweka profesa mwenye jina kubwa tuliyekutana naye kwenye makongamano mawili. Barua yake ilikuwa ya heshima, na haikuwa na kitu ndani.

Nafasi ilipotangazwa tena nilikuwa mkuu wa kitivo, nikaenda na daftari. Maamuzi 11. Mawili nilikosea, nikaeleza nilikosea wapi na nani aliumia. Safari hii nilipata barua ya uteuzi. Siku ya makabidhiano, faili la kwanza nililoomba lilikuwa la matokeo yaliyochelewa. Lilikuwa na majina 14, na jopo likakaa wiki ileile.