Barua kwa Mwanangu: Waliohama Roma Ilipopanuka

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama Roma ilipozidi kuteka nchi ni Warumi wenyewe waliotoka kwao kwenda kujaza nchi za wengine. Walitoka, ndiyo, mwaka 218 KK walowezi 6,000 walipelekwa Cremona na wengine 6,000 Placentia, kaskazini mwa Italia, wakapewa mashamba yaliyonyang'anywa Wagauli, wenyeji wa huko. Lakini ukiishia hapo utakuwa umewasahau watu wengi mno waliohamishwa bila ridhaa yao.

Chukua Waapuani, kabila la Waliguria waliokaa katika milima ya kaskazini-magharibi. Mwaka 180 KK, walipozidiwa nguvu, walituma wajumbe kusihi wasilazimishwe kuacha makao walimozaliwa na makaburi ya wazee wao, wakaahidi kutoa silaha na mateka. Hawakusikilizwa. Wanaume wapatao 40,000, pamoja na wake na watoto, walihamishiwa Samnium, kusini, kwa gharama ya serikali. Aliyetusimulia hayo ni Titus Livius, mwanahistoria wa Kirumi asiye na sababu ya kuwapendelea walioshindwa, na ndiyo maana nayapa uzito mkubwa. Miaka 13 baadaye, huko Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, jeshi la jemadari Mrumi Aemilius Paullus lilipora miji 70 kwa mpigo na kuwatia utumwani watu 150,000.

Utumwa huo ulimhamisha mtu hata ndani ya nchi yake. Huko South Shields, kaskazini mwa Uingereza, lipo jiwe la kaburi la Regina, aliyefariki akiwa na miaka 30. Alikuwa mtu wa Wakatuvelauni, kabila la kusini mwa kisiwa hicho, akawa mtumwa, kisha akaachwa huru na kuolewa na Barates, mtu wa Palmyra, Siria. Amechongwa ameketi, vifaa vya kusokotea sufu vikiwa mapajani na kikapu cha mabonge ya sufu pembeni, na chini ya maandishi ya Kilatini mumewe aliongeza mstari wa Kiaramu, lugha ya kwao, wa kumlilia.

Roma yenyewe nayo ilijaa wageni. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2019, uliochunguza mabaki ya watu 127 wa Roma na maeneo ya jirani kutoka zama mbalimbali, uliwakuta wengi wa wakati wa makaisari wana asili ya mashariki mwa Mediterania. Miongoni mwao bila shaka walikuwamo wafanyabiashara waliokuja kwa hiari, lakini DNA haiwezi kuwatenga na walioletwa sokoni kuuzwa.

Ni mimi, mama yako.