Cherehani ya Nazneen ilinunuliwa kwa kausha damu

Mhariri, mmeuliza kama riwaya za wanawake wa Asia Kusini walioko ughaibuni zinamtetea mwanamke au zinauza mila zake kwa Wazungu. Mimi ningeanza kwingine: cherehani imenunuliwa kwa pesa ya nani?

Chukueni riwaya ya Brick Lane ya Monica Ali (2003). Nazneen ametolewa kijijini Bangladesh, akaozwa Chanu wa London, bwana wa vyeti na maneno mengi. Chanu anakopa kwa Bi Islam, mama mwenye heshima zake mtaani, ananunua cherehani na kompyuta. Nazneen anashona nyumbani, zipu, bitana, vifungo, kwa malipo ya kipande. Ubaya wa kazi hii unajulikana: nguo huletwa na dalali, bei anaijua dalali, na mshonaji aliyejifungia ndani hana wa kulinganisha naye. Kinachobaki kinamezwa na deni. Mikopo ya namna hii hapa Dar tunaiita kausha damu.

Deni haliishi. Bi Islam anakuja na wanawe wa miraba minne kutisha watu. Nazneen hakimbilii polisi wala ofisi ya ustawi. Anamtaka mama yule aape kwa msahafu kwamba hali riba. Ucha Mungu wote ule, na hathubutu kuapa! Anaondoka mikono mitupu. Wahakiki hupenda mwisho wa kitabu, Nazneen akipelekwa kuteleza kwenye barafu, lakini ushindi wenyewe ulipatikana hapa, kwa silaha aliyotoka nayo kwao. Susan Moller Okin, mwanafalsafa wa siasa aliyehoji mwaka 1997 kama kulinda tamaduni za wachache kunawaumiza wanawake, angepata kazi kujua tukio hili aliweke upande gani, maana hapa mila ndiyo iliyomwokoa mwanamke.

Nikifika kwa mdogo wake, Hasina, nalegea. Naye anashona, kiwandani Dhaka. Anafukuzwa kwa uvumi kuhusu mwanamume, na toka hapo mambo yanaharibika tu. Cherehani inamtoa mmoja London, inamzamisha mwingine Dhaka. Mizani hiyo haikujipanga, kaipanga mwandishi. Wabangladeshi wa mtaa wa Brick Lane, London, walioandamana 2006 filamu ya kitabu hiki isipigwe mtaani kwao, wakisema kinawadhalilisha, walizidisha, ila kinyongo chao hakikutoka hewani.

Basi jibu langu: inamtetea Nazneen, na mila inaiuza kidogo, gharama akilipa Hasina. Msiibebeshe hukumu hii kila riwaya. Ashima wa Jhumpa Lahiri, katika riwaya ya The Namesake, ni mke wa profesa Marekani, hagongewi mlango na mdai. Huyo anataka kipimo kingine.