Mke ni mjamzito, benki inasema tusubiri

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na mke wangu tunaishi Ohio, Marekani, tumejinyima mpaka tukapata hela ya kutanguliza, tukaomba mkopo wa nyumba na mambo yalikuwa yanaenda vizuri tu, mpaka afisa mikopo aliposikia mke wangu anakwenda likizo ya uzazi, akapiga simu ati mshahara wa mama hauhesabiki, tusubiri arudi kazini. Sasa muuzaji hatusubiri. Hii ni sheria au ni yeye tu? – Baba Mtarajiwa

JIBU: Kaka, hongereni kwanza. Hapana, ni yeye tu, tena sheria iko kinyume chake. Ile ya nyumba ya 1968, aliyosaini Rais Johnson wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilianza kwa kukataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu, 1974 ikaongezwa jinsia, 1988 wakaongezwa walemavu na familia zenye watoto, na mjamzito yumo humo. Halafu kuna sheria ya mikopo ya 1974, nayo inakataza ubaguzi huo huo kwa mkopaji mwanamke. Unajua kabla ya hapo kuna benki zilikuwa zinadai barua ya daktari kwamba mke anatumia uzazi wa mpango au hazai tena, ndo wahesabu mshahara wake! Huyo afisa wako kabakia enzi zile.

Wanachoruhusiwa ni kuuliza atarudi lini na kwa mshahara gani, kwa hiyo mama aombe barua kazini kwake yenye tarehe na kiasi, muipeleke. Ila kama ana mpango wa kuacha kazi kabisa msiwafiche, hapo hesabu inabadilika kweli.

Na huyo bwana kwanini kapiga simu badala ya kuandika? Maana maombi yakikamilika benki ina siku 30 kuwapa jibu, na wakikataa mna haki ya kupewa sababu yenyewe hasa kwa maandishi, siyo "hamjafikia vigezo". Mtumie imeli, "jana saa fulani ulituambia hivi, tunaomba uthibitishe", uone atakavyobadilika.

Asipobadilika, malalamiko yanapelekwa HUD, wizara ya nyumba ya huko, bure, ndani ya mwaka 1, na mahakamani ni miaka 2. Ila muuzaji hasubiri mwaka kaka, kwa hiyo imeli itoke leo leo, na ile barua ya kazini mjaribu nayo benki nyingine huku mnasubiri jibu.