Kubadilishana kadi za sanaa kwa posta: watu wanane, A4 moja na kijumbe mkavu

Kuchora ndiyo sehemu rahisi. Ukitangaza kwamba unaanzisha mzunguko wa kubadilishana kazi za mikono kwa posta, wachoraji watajitokeza, washonaji watajitokeza, na hata yule jirani anayefuma vitambaa vya makochi ataulizia. Mambo huharibikia kwenye daftari: nani katuma, nani kapokea, nani anasema "kesho" tangu mwezi uliopita. Nimekuwa mwenye daftari hilo kwa mizunguko kadhaa sasa, kundi letu likiwa na watu wa Tanga, Mwanza, Mombasa na wawili walioko ughaibuni. Kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aige kijumbe wa upatu. Watu humkabidhi kijumbe hela zao kwa kuwa mahesabu yake yanaeleweka na zamu haipindishwi. Kadi nazo ni vivyo hivyo: kila mtu hutengeneza kadi za wenzake, humtumia kijumbe zote, naye humgawia kila mmoja kadi moja ya kila mwenzake.

Anza na ukubwa. Sisi hutumia kadi ya milimita 64 kwa 89, sawa na karata. Kipimo hicho kina asili yake: mwaka 1997 msanii wa Uswisi, M. Vänçi Stirnemann, alionyesha mjini Zürich kadi 1,200 alizotengeneza kwa mkono, akawakaribisha watu watengeneze zao waje wabadilishane naye. Alitaka wahusika wakutane ana kwa ana, na kadi isiuzwe. Sharti la kwanza tumelilegeza, maana nauli ya Mwanza hadi Mombasa si mchezo. La pili tumelishikilia. Lakini kutumiana sanaa kwa posta kulianza kabla yake. Ray Johnson wa New York alikuwa akiwapostia watu kolaji zake, yaani picha za vipande vilivyobandikwa pamoja, tangu miaka ya 1950, mara nyingine akimwomba mpokeaji aongezee kitu kisha amrudishie au ampelekee mwingine. Katika mkondo huo tumeokota desturi mbili: hakuna jopo la kuchagua kazi nzuri, na mwisho wa mzunguko kila mshiriki hupata orodha ya wote walioshiriki.

Sasa hesabu, na hapa naomba utulie kidogo. Karatasi moja ya manila ya A4, ukiipima sawasawa, inatoa kadi tisa, tatu kwa tatu. Ndiyo maana kundi langu huwa la watu wanane. Unatengeneza saba za wenzako, moja ya akiba, moja unabaki nayo. Anayesema hana vifaa unamjibu kwamba anahitaji karatasi moja, rula na wembe, na udhuru wake unakwisha hapo. Tena kadi nane za manila ya kawaida hazifiki gramu 15, kwa hiyo katika bahasha nyepesi unaweza kubaki ndani ya gramu 20, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza ya bei ya barua. Ukiongeza kipande cha boksi cha kukingia unaipita. Pima kwanza kwenye mzani wa posta, ndipo utangaze kila mtu atachangia kiasi gani.

Nyuma ya kadi liandikwe jina la msanii, mji, mwaka, na kadi ni ya ngapi kati ya tisa. Namba ya simu isiandikwe.

Kuna wanaopenda kila mtu amtumie kila mtu moja kwa moja. Inapendeza kuisikia, ila piga hesabu: watu wanane wakitumiana hivyo zinatoka bahasha 56. Zikipitia kwa kijumbe, ambaye naye ni mmoja wa wanane, zinaingia saba na kutoka saba. Isitoshe, anwani za watu zinabaki kwa mtu mmoja. Sipendi kabisa kuona orodha ya majina, masanduku na namba za simu ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama wote mnajuana. Kila mshiriki ananiandikia mimi pembeni, naingiza daftarini, basi.

Kuhusu masanduku, jua kwamba wengi wetu hatuna S.L.P. ya kwetu. Tunatumia la kazini, la shule, la msikiti au parokia. Mwambie mshiriki aombe ruhusa kwanza, na amwambie karani anayefungua barua kwamba kuna bahasha inakuja yenye jina lake. Uliza pia ratiba ya likizo. Mwalimu mmoja kwenye kundi letu alipokea kadi zake shule zilipofunguliwa, ilhali zilikuwa zimefika siku chache baada ya kufungwa. Hazikuharibika, ila muda wote huo kundi zima lilikuwa likimpa pole kwa kupotelewa.

Walioko nchini hutuma kadi zao pamoja na bahasha ya kurudishia, tayari ina anwani na stempu. Walioko nje hawawezi, kwa sababu stempu ya Ujerumani haifanyi kazi kwenye kaunta ya Tanga. Hao hutuma mchango wa stempu kwa simu, au ndugu yao aliye nyumbani huwalipia. Na ndiyo, kuna atakayeuliza kwa nini tusitume kwa basi, mzigo ufike kesho yake. Kwa jambo la haraka basi halina mpinzani. Lakini kadi iliyosafiri na stempu na muhuri wa mji ilikotoka ina ladha yake, na waliojiunga nasi walijiunga kwa ajili hiyo.

Mada iwe nyembamba. Ukisema "amani" utapokea njiwa. Ukisema "Afrika" utapokea twiga na machweo, hata kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumwona twiga ila kwenye picha. Mada yetu iliyofana kuliko zote ilikuwa "kilichopo mezani wakati wa chai". Walikuja na kaimati, chupa ya chai yenye maua, nzi aliyekaa juu ya kopo la sukari. Kadi niliyoipenda zaidi ilitoka kwa dada mmoja wa Tanga ambaye alisema tangu mwanzo hajui kuchora. Alichukua ndala iliyokatika, akachonga kisigino chake kwa wembe umbo la kikombe, akakikandamiza kwenye pedi ya wino ya ofisini, akapiga kadi zote tisa. Ukiisogeza kadi karibu na jicho unaona ndani ya kikombe vile vidoto vidogo vya soli, vimeingia kwenye wino vyenyewe. Mvuke ameuchora kwa kalamu ya bluu. Kwa hiyo akikuambia mtu hajui kuchora, mkaribishe.

Weka tarehe mbili, na uzitenganishe: siku ya mwisho ya kuposti na siku ambayo kijumbe ataanza kugawa. Kati yake acha wiki tatu kwa walio nchini, sita ukiwa na watu wa nje. Sisi tarehe ya kuposti tumeifunga kwenye 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, ambayo huadhimishwa kukumbuka kuanzishwa kwa Umoja wa Posta Duniani mjini Bern mwaka 1874. Ina faida ya kukumbukika, na kwa sisi wa pwani masika imeshapita. Usipange mzunguko Machi hadi Mei kama kundi lina watu wanaopaka rangi za mafuta, unyevu hauzikaushi. Ikague kalenda na mwezi wa Ramadhani pia, maana kila mwaka unatangulia kwa siku kama 11, na kina mama wanaokesha jikoni hawatakushukuru.

Kumbushia bila haya, lakini kwa heshima na kwa faragha. Mazungumzo yangu na kaka mmoja wa Mwanza huwa hivi:

"Kaka, shikamoo. Kadi zimefikia wapi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Ziko tayari, zinakauka tu."

"Basi naomba nipigie picha zikiwa zinakauka."

Picha ikija, unajua ziko. Isipokuja, siku mbili baadaye utaona ametuma picha ya manila nyeupe iliyokatwa tayari, na hiyo nayo ni hatua.

Huyo kaka anachora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na bado anatumia rangi ya kopo inayong'aa. Rangi hiyo hukudanganya: ukiigusa kwa kidole imekauka, ukibananisha kadi mbili kwenye bahasha siku nne kwenye joto zinagandana, na ukizitenganisha chui mmoja anaondoka na jicho la mwenzake. Dawa yake ni kuziacha wiki mbili mahali penye hewa, kisha kuweka karatasi ya nta kati ya kadi na kadi. Hata ile ya kuokea keki inatosha.

Zifunge kwenye kimfuko cha nailoni, halafu kati ya vipande viwili vya boksi vilivyozidi kadi kidogo kila upande. Selotepu ishike boksi, isiguse kadi. Usitumie pini wala stepla. Kisha angalia kadi zimekaa wapi ndani ya bahasha: zisukume kona ya chini kushoto, uzibane hapo kwa tone la selotepu kwenye boksi. Stempu hukaa juu kulia, na muhuri wa posta hugongwa hapo kwa nguvu. Kama chini ya stempu kuna kadi yenye shanga, utapelekea mtu unga. Kwenye kadi zenye vitu vilivyoinuka, omba pale kaunta wakugongee muhuri taratibu kwa mkono. Ukiomba vizuri wanakubali.

Kwa bahasha za nje ya nchi, kadi za karatasi tupu hazina matatizo mengi. Ukiweka shanga au kitambaa, tegemea kujaza fomu ya forodha, CN22. Andika kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha inayokubalika kule inakokwenda, maneno yenye maana ya "kadi za karatasi zilizotengenezwa kwa mkono", idadi, uzito na thamani halisi hata iwe ndogo. Usiandike sifuri. Na waambie washiriki mapema wasibandike mbegu, majani makavu, manyoya, ngozi, makombe wala matumbawe. Nchi nyingi huzuia mimea na mbegu zisizo na cheti, na matumbawe yamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mtu wa Mombasa ataona unamnyima pwani yake yote. Mpe wazo la kutumia kipande cha khanga kuukuu, pindo la kisutu hasa. Jekundu lile kwenye manila nyeupe linasema pwani kuliko kombe.

Siku ya kugawa, tandika mkeka na uzime feni. Andika vikaratasi vinane vya majina, vipange, gawa kadi za msanii mmoja hadi ziishe ndipo ufungue bahasha nyingine. Hesabu kila fungu: saba. Piga picha kila fungu kabla ya kulifunga, kwa sababu siku mtu akisema alipokea sita, picha itawapatanisha.

Zile kadi za akiba ndizo zinazonifanya nilale usingizi. Kila mmoja katoa moja, kwa hiyo mkononi una fungu kamili la nane. Bahasha moja iliyokwenda Kigoma haikufika. Tulisubiri wiki za kutosha, nikatoa kwenye akiba kadi yake mwenyewe, zilizobaki saba nikamtumia, na kilio kikaisha. Akiba isipotumika, inabaki kwa kijumbe kama kumbukumbu ya mzunguko.

Na asiyetuma hapokei. Hata akiwa shoga yako, hata akiwa na msiba. Mwenye msiba mpe pole, mwambie nafasi yake ipo mzunguko ujao, na umpelekee ubani. Kadi alizotengenezewa na wenzake zinarudishwa kila moja kwa mwenyewe. Usimtaje kwenye kundi, wenyewe watahesabu na kuelewa.

Mzunguko ukifana, watu watataka kuleta rafiki zao, na utajikuta na majina 16. Gawa makundi mawili ya wanane na umtafutie la pili kijumbe wake, mwenye daftari lake na akiba yake. Mkichanganya wote pamoja, kila mtu atahitaji kadi 15 za wenzake, A4 moja haitoshi, bahasha inavuka gramu 20 hata bila boksi, na wale waliojiunga kwa ajili ya karatasi moja na wembe ndio watakaokuwa wa kwanza kusema zinakauka tu.