Santuri zisizo na mwaka

Swali: Tunakusanya santuri za bendi za zamani za mji wetu. Lebo hazionyeshi mwaka. Tufanyeje?

Jibu: Mulikeni kwa tochi kutoka ubavuni, msome namba zilizochongwa kati ya lebo na mwisho wa mifuo (mistari ambamo sindano hupita). Kwa kawaida hufuata mpangilio wa kiwanda, hivyo santuri moja yenye mwaka unaojulikana husaidia kukadiria mwaka wa zile zenye namba za jirani. Zile za mizunguko 78 kwa dakika msizisafishe kwa spiriti: nyingi ni za sheleki (utomvu mgumu utokanao na wadudu), nayo huyeyuka kwa spiriti. Zinataka sindano pana, takriban milimita 0.076, nyembamba hukwangua uchafu wa chini ya mfuo. Mkirekodi sauti ya santuri, nakala ya kwanza ibaki na kelele za mikwaruzo yake. Majina ya wapigaji waulizeni wazee, wimbo ukiwa unalia.