Kituo cha utafiti wa misitu: anza na unyevu

Mbunifu mgeni akipewa kituo cha utafiti pembeni ya msitu kama Budongo au Kibale, nchini Uganda, hufikiria joto kwanza. Kumbe kinachoharibu kazi ya watafiti huko ni unyevu: sampuli za majani huota ukungu, lenzi za hadubini huingia kuvu, mbegu hufa kabla ya kupandwa. Kabla ya kuchora, jiulize jengo litakaukaje baada ya mvua.

Usilisukume chini ya miti kutafuta kivuli. Liache mbali kuliko urefu wa mti mrefu ulio jirani. Matawi hutoboa bati, majani huziba mifereji, na sola kivulini haifai kitu. Kivuli kitoke kwenye paa. Uganda imekatwa na ikweta, hivyo jua la mchana hupita juu sana, kaskazini mwezi Juni na kusini Desemba. Upenu wa mita 1 hadi 1.2 hukinga kuta za pande hizo, na mvua ya upepo pia. Jua la asubuhi na jioni halizuiliki kwa upenu, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, zenye madirisha machache.

Kuta zijengwe kwa matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine, yasiyochomwa. Ni aibu kituo cha misitu kumaliza kuni kwenye tanuri. Pima udongo kwanza: chekecha, lowesha, jaza kisanduku cha sm 60 kwa 4 kwa 4, kisha anika siku 3 juani. Ukisinyaa chini ya mm 15, sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo yatosha. Ukifika mm 45 hadi 60, tumia 1 kwa 12. Tofali lifunikwe plastiki na kunyweshwa maji siku 7. Wengi huruka hatua hii, saruji hukauka kabla ya kushika, na kona humomonyoka msimu wa kwanza.

Vyumba vyote vipitishe hewa, isipokuwa ghala la mbegu. Hewa ya msituni usiku imejaa maji. Ukiweka matundu huko unayakaribisha ndani. Lizibe kabisa, liwe dogo, mashine ya kukausha hewa isizidiwe.

Maji ni hesabu nyepesi: mvua ya mm 1 kwenye paa la mita za mraba 200 ni lita 200. Mwaga ya mwanzo, yamebeba kinyesi cha popo.

Msingi uinuke sm 45 na usipandiwe maua, ili njia za mchwa zionekane mapema zikipanda ukutani.